Faili Isomwe Mbele ya Mwenyewe

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini waliousema msemo huo walikuwa wafanyabiashara wa mwambao, watu wa majahazi na mizani, ambao hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba binadamu naye aweza kupotea hali daftari lake lipo, limejazwa vizuri, limepigwa muhuri na kufungiwa kabatini.

Mimi nililiona jambo hilo mjini Lodwar. Nilikuwa nimealikwa na mradi mmoja unaowafundisha kazi za ufundi watu waliopata ulemavu, ili nizipitie fomu zao na kuwashauri namna ya kuzitafsiri kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, lugha ambayo wenyewe huiita Ng'aturkana. Mradi wenyewe sitautaja, maana makosa nitakayoyasimulia nimeyakuta katika ofisi nyingine pia, na baadhi yake nimeyatenda mwenyewe. Nilifuatana na mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya pili, mzaliwa wa huko, ambaye alikuwa ndiye ulimi wangu na masikio yangu kwa muda wote wa safari.

Siku ya pili aliingia ofisini mwanamume wa makamo akitembelea magongo. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti baada ya kupigwa risasi katika uvamizi wa wezi wa mifugo. Alikuja kuulizia kisanduku cha vifaa alichoahidiwa siku alipomaliza mafunzo. Ofisa, kijana mwenye adabu na mwenye kazi nyingi kupita kiasi, alifungua kabati, akatoa faili, akaisoma kimya kimya, kisha akasema kwamba humo hamna deni lolote la vifaa. Niliomba ruhusa ya kuisoma, na mwenyewe akaridhia. Zilikuwa karatasi tatu za Kiingereza. Ya kwanza ilieleza kwamba mtu huyu hana uzoefu wowote wa kazi. Ya pili ilieleza kwamba amekataa kujifunza useremala na kwamba haonyeshi ushirikiano. Ya tatu ilieleza kwamba amehitimu utengenezaji wa viatu vya ngozi, na kwamba mradi umemalizana naye.

Nikamwomba mwanafunzi wangu amsomee karatasi hizo kwa lugha yake, sentensi moja moja. "Apa," alianza, kwa heshima anayopewa mtu wa makamo ya baba, "hapa pameandikwa hivi." Yule bwana alisikiliza hadi mwisho, halafu akacheka. Hakuwa na hasira. Alicheka kama mtu aliyesimuliwa vituko vya jirani. "Huyo unayemsoma," alisema, "mimi simjui."

Tulikaa naye hadi adhuhuri tukilichambua fumbo hilo. Kumbe siku ya kuandikishwa aliulizwa, kupitia kwa mkalimani, kama aliwahi kufanya kazi. Swali lilimfikia likiwa na neno lile lile la Kiswahili, kazi, na kwa masikio yake neno hilo lilimaanisha ajira ya mshahara, ya serikali au ya misheni. Akajibu kwa ukweli kabisa kwamba hajawahi. Hakuna aliyemwuliza siku zake alizipitishaje. Angeulizwa hivyo, angeeleza kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini alichunga na kunywesha mifugo, akachimba visima katika mchanga wa mito mikavu, akatibu vidonda vya mbuzi, akakata makubadhi ya ngozi, na kuchonga ekicholong, kile kigoda ambacho Mturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Mtu aliyechonga vigoda tangu ujana wake aliandikwa kwamba hana uzoefu, kisha akalaumiwa kwa kuukataa useremala!

Na useremala wenyewe hakuukataa. Karakana ilikuwa ng'ambo ya Kawalase, mto wa msimu unaopita mjini Lodwar, na mtu wa magongo hawezi kuvuka mchanga ule bila magongo kuzama kila hatua. Alisema kwamba hawezi kufika huko. Mkalimani, kwa haraka au kwa kuchoka, akasema kwamba hataki. Wenzangu walimu wa sarufi watakubaliana nami kwamba kati ya hawezi na hataki pana tofauti ya kitenzi kimoja tu. Katika faili tofauti hiyo ilikuwa mwaka mzima wa kungojea, hadi nafasi ya viatu ilipopatikana upande wa huku.

Bado lilibaki suala la kisanduku. Hapa ndipo nilipoona kwamba taaluma yangu, ambayo kwa kawaida huonekana kuwa anasa ya watu wa vyuoni, ina deni kubwa kwa watu kama hawa. Majina ya Kiturkana hubeba habari za kuzaliwa kwa mtu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, akiru, aweza kuitwa Ekiru akiwa wa kiume na Akiru akiwa wa kike. Kadhalika kuna Lokiru na Nakiru. Karani asiyejua kwamba viambishi hivyo vya mwanzo vina kazi ya kisarufi hudhani kwamba ni makosa ya tahajia, naye huyasahihisha. Isitoshe, lugha hii ina irabu sighuna, yaani irabu zinazotamkwa kwa mnong'ono mwishoni mwa maneno. Mtaalamu Gerrit Dimmendaal alizieleza katika kitabu chake cha sarufi ya Kiturkana kilichotoka mwaka 1983. Sikio lililolelewa na Kiswahili haliisikii irabu hiyo, na mkono hauiandiki. Tena mwanamume aweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, na jina la sifa linalotokana na fahali wake ampendaye, na yote matatu ni yake halali.

Basi bwana yule alikuwa na kitambulisho chenye jina moja, cheti cha mafunzo chenye jina la pili, na katika orodha ya kugawia vifaa aliandikwa kwa jina la tatu lililokosa irabu ya mwisho. Siku ya kugawa, jina hilo la tatu liliitwa, hakuna aliyeitika, na pembeni pakaandikwa kwamba mwenyewe hakupatikana. Kisanduku kikapewa mwingine. Mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, chini ya mti, kutwa nzima.

Sisi Wakenya tunayo historia ya karatasi inayomsema mtu asiyeweza kuisoma. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa mwongo huo, kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alilazimishwa kuchukua kipande, karatasi yenye alama za vidole, mwajiri wake, ujira wake na tarehe za kuanza na kuacha kazi, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri aliandika, mchukuzi alitembea na maandishi hayo bila kujua yanasema nini. Utaratibu huo ulibadilishwa mwaka 1947 baada ya malalamiko ya miaka mingi. Simfananishi ofisa wa mradi wa leo na mzungu wa shamba, kwani huyu nia yake ni njema. Ninachosema ni kwamba mwandishi, msomaji na mwandikwaji wamebaki pale pale walipokuwa, na yule wa tatu angali hasomi.

Kutoka Lodwar tulikwenda Kakuma, umbali wa kilomita zipatazo 120, kwa sababu mradi ule ulikuwa na tawi huko, na kwa sababu nilitaka kuona hali inavyokuwa pale lugha zinapozidi mbili. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipofika wale vijana wa Sudan waliokuwa wametembea hadi Ethiopia na kurudi kwa miguu. Wengi wao hawakujua tarehe zao za kuzaliwa, nao waliandikiwa 1 Januari, wakawa kundi kubwa la watu waliozaliwa siku moja. Baada yao walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka 2002 waliletwa kutoka Dadaab maelfu ya Wasomali wenye asili ya Kibantu ili wasailiwe kwa safari ya Marekani, na miongoni mwao walikuwamo wazee waliokuwa wangali wanazungumza Kizigua cha mababu zao waliotoka Tanganyika. Leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016 ina watu karibu 300,000. Mwanaisimu akifika hapo hutamani kuhamia. Mtunza faili hutamani kukimbia.

Mafunzo ya ufundi yamekuwako huko tangu miaka ya 1990, hasa kwa juhudi za Wasalesiani wa Don Bosco. Tena mbele kidogo, huko Lokichoggio, ilikuwako hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 1987 na kukabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006, ambako majeruhi wa vita vya Sudan walipasuliwa na kutengenezewa miguu ya bandia. Kwa hiyo katika njia hiyo moja ya Lokichoggio, Kakuma na Lodwar, mtu mmoja aweza kuwa na faili ya hospitali, faili ya mkimbizi, faili ya mguu na faili ya mafunzo, kila moja kwenye kabati lake, bila hata moja kuijua nyenzake.

Huko Kakuma nilikutana na msaidizi mmoja wa jamii, mkimbizi kutoka Kivu, anayewatembelea wanagenzi wenye ulemavu majumbani na kwenye karakana. Alikuwa na daftari la shule lililochakaa pembe. Akaniruhusu nilisome. Kuhusu fundi cherehani mmoja mwenye mkono uliopooza alikuwa ameandika hivi: "Leo amekata shati ya kwanza ye mwenyewe. Mkono wa kuume iko inachoka mbio, mbele ya saa ine. Anaomba kiti ya juu." Halafu nikaonyeshwa taarifa rasmi ya Kiingereza iliyotokana na maandishi hayo. Ilisema kwamba maendeleo ya mteja ni ya kuridhisha.

Wanafunzi wanaosoma safu hii wajaribu kuyapima maandishi hayo mawili. Katika mtihani wa Kiswahili sanifu, yule Mkongo angechorwa kwa wino mwekundu kwa "shati ya" na "kiti ya". Hata hivyo amesema jambo gani limetendeka, nani amelitenda, kikwazo ni kipi, kinaanza saa ngapi, na mwenyewe anaomba nini. Taarifa rasmi haina kosa hata moja la sarufi wala haina habari hata moja. Anayeisoma hatajua kwamba kiti kirefu kingemwezesha fundi yule kushona hadi jioni. Nilipouliza daftari lile huenda wapi likijaa, msaidizi alisema kwamba hulipeleka nyumbani, na karatasi zake huwashia moto.

Lipo na jingine ambalo lilinitia aibu. Msichana mmoja kiziwi kutoka Sudan Kusini aliandikwa siku ya kwanza kwamba hawasiliani na hivyo hafai kwa mafunzo ya darasani. Aliyemkalimania ni kaka yake mdogo, kwa ishara walizobuni nyumbani. Baadaye alijifunza Lugha ya Ishara ya Kenya, lugha kamili yenye sarufi yake, iliyoanza kutafitiwa rasmi katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991 na ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaitaja katika ibara ya 7. Nilimkuta nyumbani kwa jirani akiwaonyesha viziwi wenzake wawili jinsi ya kupitisha uzi kwenye cherehani, mikono ikienda kasi hata nikashindwa kuifuata. Faili yake ilikuwa ingali inasema kwamba hawasiliani. Orodha za wanafunzi wa ushonaji zilikuwa zimeteuliwa mara mbili kutokana na faili, na mara zote mbili hakuitwa. Ushonaji aliufundishwa na huyo jirani.

Nimesema iliniaibisha kwa kuwa fomu yenyewe ilikuwa imeshapitiwa na wataalamu wa lugha. Neno kiziwi lilikuwa limeondolewa, pakawekwa "mtu mwenye ulemavu wa kusikia". Siyapingi mabadiliko hayo; kila mwalimu wa Kiswahili anajua jinsi ngeli ya KI-VI ilivyowabeba kiziwi, kipofu, kiwete na kilema pamoja na vitu na vyombo, ingawa upatanisho wao wa kisarufi ni wa viumbe hai. Hali kadhalika nayapenda matumizi ya wenzetu wa Tanzania wanaosema utengamao pale sisi tunaposema urekebishaji, neno ambalo Mkenya akilisikia huwaza jela. Lakini tulilipamba jina la safu na kuiacha sentensi ya uongo ikae chini yake.

Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1955, namba 99, liliueleza utengamao wa kikazi kuwa ni shughuli ya mfululizo: ushauri, mafunzo, na kumtafutia mtu kazi inayomfaa. Mfululizo unahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu za miradi mingi hukaa vichwani mwa maofisa. Mwaka 2025, misaada ya Marekani ilipokatwa, wafanyakazi wengi wa mashirika huko Kakuma waliachishwa kazi. Waliondoka na waliyoyajua. Aliyebaki na ufunguo wa kabati alirithi sentensi za aina ile ya "maendeleo ya kuridhisha", na mara nyingi chini yake pameandikwa kwamba mteja hapatikani. Nikumbushe tu kwamba hapa Kenya, tangu simu za mkononi zituzoeze ile sauti ya kike, vijana wakisema fulani ni mteja humaanisha hashikiki. Miradi yetu imelichagua neno lililojitimizia.

Rai yangu ni nyepesi kuitaja. Kila maandishi yatakayomhusu mwanagenzi yasomwe mbele yake, kwa lugha au ishara anazozielewa, kabla ya kutiwa sahihi, na neno lake la kuyakubali au kuyapinga liandikwe hapo hapo kama alivyolisema. Jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, na majina yake mengine yote yafuatie kwenye mstari mmoja. Madaftari ya wasaidizi yahifadhiwe, Kiswahili chao kiwe cha Kivu au cha Lamu. Kiingereza cha wafadhili kije baada ya hayo, kwani fedha ni zao na hapana budi waelezwe.

Nimeyasikia mapingamizi. Maofisa husema hawana muda. Karatasi tatu za yule bwana wa Lodwar zilisomwa kwa muda usiozidi robo saa, na mwaka mmoja alioupoteza ni mrefu zaidi. Pingamizi la siri ndilo zito, nami sina jawabu lake lote. Katika kambi, mkalimani ni jirani. Mwanamke aliyebakwa njiani, au mtu mwenye virusi vya ukimwi, aweza kudhurika vibaya faili yake ikisomwa kwa sauti mbele ya mtu wa ukoo wake, au wa ukoo hasimu. Kwa hiyo mwenyewe ndiye amchague mkalimani, aweze kumkataa bila kutoa sababu, na mambo ya matibabu yatengwe na yale ya kazi. Hata hivyo nimeona siri ikitumiwa kinyume: mambo ya mtu hufichwa yeye mwenyewe, huku taarifa zikisomwa na wageni wa kila aina, nikiwamo mimi.

Sheria iko upande wa mwandikwaji. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli zinazomwathiri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuziona habari zake. Ila mtu atadaije kusahihishiwa sentensi ambayo hajapata kuisikia? Asiyekuwepo na lake halipo, na huyu hayupo ingawa ameketi kitini.

Na sisi wa vyuo vikuu tumefanya nini? Nimesahihisha tasnifu kadhaa juu ya toni na irabu za lugha za Kiniloti. Sijapata kumwelekeza mwanafunzi hata mmoja atunge orodha ya maswali ya usaili kwa Kiturkana, aijaribu kwa wachungaji wenyewe, na kuona swali la kazi linafika likiwa na maana gani. Mwanafunzi niliyekwenda naye ameianza shughuli hiyo. Swali lake la kwanza kwenye orodha ni hili: tangu uamke hadi ulale, mikono yako ilikuwa inafanya nini kabla hujaumia?

Siku ya mwisho, tuliporejea Lodwar, yule bwana alikuja tena ofisini. Ofisa alikuwa ameandika karatasi ya nne, ikiwa na majina yake yote kwenye mstari mmoja, visima na vigoda, mchanga wa Kawalase, na kisanduku kinachodaiwa. Ikasomwa. Alisahihisha jambo moja: mbuzi aliowatibu hawakuwa wake wote, wengine walikuwa wa shemeji yake, na akataka hilo liandikwe. Likaandikwa. Kisha akauliza kama karatasi hiyo yaweza kukaa kwake. Ofisa alieleza kwamba utaratibu hauruhusu faili kutoka. Mwanafunzi wangu akamtazama ofisa, ofisa akanitazama mimi, halafu akaichukua karatasi, akaenda kuitolea nakala dukani, akarudi nayo. Yule bwana aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati pamoja na kitambulisho chake, akayachukua magongo yake akaenda. Kisanduku chake, hadi ninapoandika haya, bado hakijapatikana.